Chai ya Ijumaa Kule Posti

Mangobo, Kisangani, tarehe 8 Juni 2024

Kwa mutoto yangu Nadia, binti ya marehemu ndugu yangu, kule Basoko,

Pokea salamu za tonton yako Rashidi. Rashidi mwenyewe, seremala wa kwanza wa Mangobo, si ule mwingine wa kutengeneza vitanda vya kuanguka. Hapa nyumbani tuko wazima. Tantine yako Karima anakusalimia, magoti yanamuuma, lakini kinywa yake haiumi hata kidogo. Mbuzi imezaa. Na tumbo yako inaendelea namna gani? Usibebe maji. Ukiulizwa, sema ni mimi nimekataza.

Barua hii naandika na mukono yangu. Karima alisema niite mutu wa kuniandikia. Nikamwambia: mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili, na ule mwaka wa pili niliufanya mara mbili, donc ni kama mwaka wa ine. Na hata kama radi haingepiga antena yenu kule Basoko, mimi ningeandika tu. Maneno ya telefone yanaisha na unite ya vocha.

Sasa habari kubwa. Keti kwanza.

Tonton yako amekuwa conseiller, mujumbe wa watu. Kwa forum ya quartier, ule mukutano wa mutaa, watu wote wakiwa wamekaa, walichagua komite ya kuangalia polisi. Soma tena, sikukosea: si polisi kutuangalia sisi, ni sisi kuangalia polisi! Mimi tangu niko mutoto, askari akipita, mutu anatazama miguu yake. Leo wanasema raia anaweza kuingia posti ya polisi na kuuliza: huyu mumefunga juu ya nini? Na kama amepitisha masaa makumi ine na munane bila kupelekwa kwa parquet, kwa waendesha mashitaka, aachiliwe. Papa Hubert, chef ya quartier, aliuliza: "Nani hana woga?" Hajamaliza kuuliza, mimi niko nimesimama tayari. Nyuma yangu akasimama mama mumoja, Félicité, muuza majani ya sombe. Bon, tuko wawili. Yaani iko mimi, na yeye iko pale.

Kila Ijumaa nikitoka musikitini ninaenda. Lakini siingii kwa watu kama kuku inaingia jikoni. Asubuhi natanguliza mutu apeleke habari: conseiller Rashidi anakuja. Ndivyo wazee walitulea, mugeni wa heshima anajulisha. Nikifika, kiti iko tayari kando ya ukuta, chai ya tangawizi inatoa moshi, na Komanda mwenyewe anasimama. Komanda, Nadia, na bastola kwa kiuno! "Papa conseiller, karibu." Tunakunywa, nawaambia mambo ya zamani, wanacheka mpaka wanashika tumbo. Kisha wanafungua kasho, ile chumba ya kufungia watu, naangalia. Mulevi mumoja ao wawili, chini kumefagiliwa. Posti yetu ni mufano wa muji muzima.

Félicité anaguna tu. Ijumaa ilopita alisema mbele ya maaskari: "Papa Rashidi, tulitumwa kuangalia ao kunywa chai?" Nilisikia haya mpaka kwa kucha. Nikamwambia: "Mama, heshima pia ni kazi."

Barua anaibeba Ursule, yule wa mafuta ya mawese, anashuka na baleinière, ile boti ya mizigo. Mupe jibu akirudi.

Na ule muvuvi wako, musalimie kidogo.

Mimi tonton yako,
Conseiller Rashidi


Basoko, 2 Julai 2024

Tonton Rashidi,

Nimefurahi kuona mukono wako. Barua ilichelewa, motere ya baleinière iliharibika Isangi na Ursule akalala pale mpaka wakapata kipande kingine. Musalimie sana tantine Karima, mwambie apake magoti mafuta ya moto. Mimi niko kwenye mwezi wa nane. Miguu imevimba, na mama muzalishaji amenikataza kupanda boti yoyote. Pongezi kwa kazi yako mupya. Nilimusomea jirani, akasema: kweli, polisi kuangaliwa? Akacheka.

Tonton, bwana yangu Bonheur hayupo.

Alipanda Kisangani mwanzo wa mwezi wa sita na samaki wa kukaushwa. Alisema atarudi kabla ya Idi. Idi imepita. Wenzake wamerudi, na walipofika walishusha mizigo yao bila kunitazama. Nikimuuliza huyu, anasema muulize yule. Juzi ndipo mumoja akaniambia. Sokoni Mangobo, askari alichukua fungu la samaki bila hata kusalimia. Bonheur alimushika mukono, akamwambia mbele ya watu: "Rudisha." Walikuja wengine, wakamubeba. Alipelekwa posti ya karibu na soko, yenye ukuta wa buluu.

Nilikuwa ninapepeta muchele wakati ananiambia. Niliendelea kupepeta. Mwanamuke wa jirani ndiye alikuja kunishika mikono, muchele wote ulikuwa chini na mimi bado ninapepeta ungo mutupu.

Nimerudia barua yako. Umeandika kwamba kiti chako kinawekwa kando ya ukuta. Ukuta huo ni wa rangi gani, tonton?

Najua hukumupenda. Hukuja kwenye ndoa yetu kwa sababu alibaki na dini yake, na mimi sikukuuliza siku ile, sikuulizi leo. Ninaomba kitu kimoja tu. Wewe unaingia mahali ambapo sisi wengine hatuingii. Ingia, umutafute, uniandikie: nimemuona.

Nadia


Mangobo, tarehe 13 Julai 2024

Kwa mutoto yangu Nadia,

Tumepata barua yako, sisi wazima, mbuzi ndogo moja imekufa lakini ingine inaruka ruka. Karima alilia. Mimi sikulia, mimi nilisimama.

Ukuta iko buluu, ndiyo. Lakini Kisangani rangi ya buluu iko mingi, hata choo ya jirani yangu iko buluu.

Sikiliza namna tonton yako anafanya kazi. Jana Ijumaa nilituma habari asubuhi, nikafika, nikakaa. Safari hii sikungoja hata kikombe ya pili. Nilimuuliza Komanda jicho kwa jicho: "Muko na mutu wa Basoko hapa? Muvuvi, mukwe yangu?" Nadia, ule mutu alishituka mpaka akaweka chai chini. "Papa conseiller! Mukwe yako? Afungwe kwangu na mimi ninyamaze, na chai tunakunywa pamoja?" Macho yake ilikuwa karibu kutoa machozi. Akafungua kasho mwenyewe. Niliingiza kichwa na mabega yote. Kulikuwa mwizi wa kuku, basi.

Félicité alitaka kuzunguka nyuma ya nyumba. Nyuma! Kwa watu! Nilimuvuta kitambaa, nikamwambia mama, kule ni jikoni yao, utakuta mutu anaoga. Alinitazama kama mimi ndiye mwizi wa kuku.

Na bado tulicheka. Kule nyuma fundi alikuwa anatengeneza paa, anagonga, anagonga, hata kuongea ni vigumu. Mimi nikasimama, nikapaza sauti, na sauti yangu unaijua, ilikuwa inafika ng'ambo ya muto wakati niko kijana: "Wee fundi! Unapiga vibaya! Shika nyundo kwa mwisho wa mupini!" Maaskari walicheka wakainama. Fundi naye akanyamaza kidogo, kisha akaanza tena, vibaya vile vile. Vijana wa leo hawasikii mutu.

Donc muvuvi wako hayuko pale. Mimi nimeona, na jicho yangu ubao haiidanganyi, mutu haiidanganyi. Tafuteni kule kwa Wagenya, kwa ndugu zake wa maporomoko. Wanaume ya maji, leo hapa, kesho kule, na pengine kuna sufuria ingine inamupikia. Usikasirike, naongea kama baba.

Kula vizuri.

Conseiller Rashidi


Basoko, 24 Julai 2024

Tonton,

Mutoto amezaliwa. Ni wa kike, ananyonya vizuri. Hana jina, baba yake ndiye atamupa.

Ndugu zake wa maporomoko niliwauliza kabla ya kukuuliza wewe. Hawajamuona.

Umeniandikia ukurasa muzima, mbele na nyuma, na jina la bwana yangu halimo hata mara moja. Hata katika ile barua ya kwanza halimo. Yeye ni muvuvi wako, mukwe yangu, wanaume ya maji. Tonton, wewe ndiye ulinilea baba alipokufa, na mimi sijawahi kukupandishia sauti. Lakini ninakuuliza: ulimutafuta, ao ulifurahi kutomuona?

Na yule fundi wa paa. Wewe unasema ulimusikia. Ulimuona?

Nadia


Mangobo, tarehe 6 Agosti 2024

Nadia,

Leo sisalimii nyumba. Herufi inakimbia, soma pole pole.

Ursule alinikuta kwa meza yangu ya kazi. Nilisoma barua yako nikakasirika, nikasema mutoto huyu hana adabu, nikaitupa kwa mapumba ya mbao. Kisha nikaiokota. Nilisoma ule musitari wa mwisho tena. Ulimuona?

Mimi seremala, Nadia. Musumari iko na namna yake. Unagonga kidogo ishike, unagonga na nguvu iingie, unanyamaza, unatafuta mwingine. Kule hakukuwa kunyamaza. Na ile paa ni bati mupya, mimi mwenyewe niliisifu mwezi wa tano mbele ya Komanda. Ni nani anagonga paa mupya? Ndio nilijiuliza leo. Leo!

Niliondoka vile nilikuwa, nguo ya kazi, mapumba kwa nywele. Sikutuma mutu. Njiani nikamukuta Félicité na sombe yake.

"Papa, leo si Ijumaa."

"Kuja."

"Umetanguliza habari?"

"Kuja, nimesema!"

Aliacha sombe pale pale chini.

Posti, askari mumoja kijana aliruka. "Papa conseiller! Eh, Komanda hayuko. Keti, kiti inakuja, chai inakuja."

"Sitaki kiti."

Nikazunguka nyuma. Mimi, Rashidi, nikapita nyuma ya nyumba ya watu kama mwizi. Kule kuna depo, wanaweka mapikipiki wanakamata. Mulango wa mbao, munyororo, kufuli. Askari akapita mbele yetu, akatandaza mikono. "Papa, pale hapana. Pale ni vitu tu."

Félicité alimusukuma na bega. Akaweka kinywa kwa mulango, akaita: "Enyi vitu! Munapumua?"

Nadia, vitu ilijibu.

Sauti ya watu. Mumoja anasema mama, mama. Mwingine anaomba maji. Na kule chini, kwa ubao, ikaanza tena ile kugonga. Niliijua kabla haijafika mara ya tatu. Sahani ya bati kwa mbao. Félicité alifikiri ninaanguka, lakini sikuanguka, nilikaa. Nilikaa chini mbele ya ule mulango na nikasema sitoki.

Walisema ufunguo iko na Komanda. Nikasema nitangoja. Wakasema jua kali. Nikasema hata iwe moto. Félicité alikimbia sokoni, mama wote wa sombe wakaja, na wale wa mikate ya kwanga, na wale wa samaki, wakajaza kiwanja, na hakuna mutu aliimba wala kupiga kelele. Walisimama mikono kwa kinywa. Kila Ijumaa walikuwa wananiona ninaingia na ninatoka, nimeshiba.

Komanda alifika. Aliona watu, akaniona mimi chini, na unajua alisema nini? "Papa conseiller, usikae chini, ni haya kwetu. Leteni kiti!"

Nikamwambia: "Kiti yako nimekalia ya kutosha."

Papa Hubert alifika na mutu wa parquet, ndio mulango ikafunguliwa. Watu ya kupitisha masaa, kila Ijumaa nikituma habari walikuwa wanahamishwa kule nyuma, na nikitoka wanarudishwa mbele. Juu yangu. Juu ya ile habari ninatanguliza. Ningekuja kama kuku, ningewaona tangu siku ya kwanza.

Walitoka wameshika ukuta, jua inawapiga macho. Harufu sitaandika. Mimi nilikuwa naita: "Bonheur! Bonheur iko wapi?" Nilikuwa naangalia juu ya vichwa, natafuta ule kijana mabega pana. Mutu mumoja alisimama mbele yangu na sahani kwa mukono, ndevu, shingo kama ya mutoto. Nikamusogeza kando ili nione nyuma yake. Nilimusogeza, Nadia, na mukono hii.

Akasema: "Tonton, ni mimi."

Kisha akasema, bila hasira, kama mutu anaeleza njia: "Tulikuwa tunakugongea. Ulitujibu kwamba tunapiga vibaya."

Watu wote walisikia. Félicité alisikia. Hakuna mutu alicheka.

Kuna neno nilitaka kumwambia. Sikuliona kwa kinywa.

Bonheur iko hapa nyumbani kwangu. Karima alimuchemshia maji, anamukorogea uji. Mukono ya kushoto imevimba, daktari anasema mufupa iko muzima. Nikiingia chumbani anaacha kula. Karima anasema nikae inje kwanza. Nakaa inje. Sijui juu ya nini, labda ni homa.

Akipata nguvu atashuka na Ursule.

Rashidi


Basoko, 25 Agosti 2024

Tonton,

Amefika. Nilimuona toka mbali kwenye baleinière, nikafikiri ni muzee fulani. Alimushika mutoto kwa mukono muzima, akamupa jina la mama yake, Micheline. Musalimie tantine Karima na umwambie ule uji wake ndio ulinirudishia bwana. Musalimie sana mama Félicité. Simujui, lakini ninamuombea.

Nilikuwa nimekuuliza kama ulifurahi kutomuona. Swali hilo ninalifuta, unisamehe. Mengine siyafuti.

Ursule anasema unataka kushuka kuja kumuona mutoto. Usije kwanza, tonton. Usikasirike, nitakueleza.

Ursule alipoleta salamu zako, alikaa hapa anatusimulia, na kama anavyopenda, akaiga namna unavyoongea, ile sauti yako, kile kicheko. Wote tulicheka. Bonheur aliondoka. Nilimukuta kwenye maji, amekaa ndani ya mutumbwi uliofungwa. Ndipo akaniambia. Ijumaa ya kwanza, alipokusikia kupitia mbao, alimushukuru Mungu. Aliwaambia wenzake: huyu ni baba ya muke wangu, tumepona, gongeni. Waligonga mpaka ukaenda. Ijumaa iliyofuata vile vile. Ijumaa ile ya nyundo, wenzake walimwambia: huyu baba yako anatusikia na anacheka. Toka hapo waligonga tu kwa sababu mikono ilizoea.

Hakuchukii. Nimemuuliza mara mbili. Anasema si wewe, ni sauti. Ikimufikia masikioni, anasikia harufu ya pale ndani.

Kwa hiyo usije, andika. Barua zako ninamusomea mimi, kwa sauti yangu, na anazisikiliza mpaka mwisho. Ile ya mwaka wa pili mara mbili ilimuchekesha.

Nadia


Mangobo, tarehe 21 Septemba 2024

Kwa Nadia, kwa Bonheur, kwa Micheline,

Tuko wazima. Barua yako ilikaa chini ya mutungi wa maji siku nyingi kabla sijajibu. Karima aliuliza: "Unangoja nini?" Nikasema nangoja kalamu. Kalamu ilikuwa kwa mufuko.

Komanda amehamishwa. Wapi, hawasemi. Wale watu wa depo wote walifika kwa parquet, na wengi walirudi kwao siku ile ile. Kwa forum kulikuwa moto. Mwanamume mumoja, mutoto wake alikuwa mule ndani, alisimama akasema muzee Rashidi atoke kwa komite, anatutia haya. Wengi walipiga makofi. Nilisimama nikasema sitoki. Nikasema: mukiniondoa, mutaweka mwingine anapenda chai na yeye hajui bado. Mimi najua. Félicité ndiye aliwanyamazisha, akasema: "Abaki. Lakini mimi nitatangulia." Wakakubali. Sasa hakuna kujulisha, hakuna siku, hakuna kukaa. Kiti ile walipeleka kwa shule ya watoto.

Bonheur, nasikia unasomewa. Bon. Kuna neno nilikutafutia hapa nyumbani siku zote ulikaa kwetu, na nilikuwa naiona karibu, lakini kila mara ninafungua kinywa inatoka ingine kubwa zaidi, inatoka habari yangu mimi. Muke yako anajua namna niko. Donc naandika tu vile ilikuwa jana.

Jana tulienda. Félicité mbele, mimi nyuma. Niliingia bila kusema kitu, hata salamu niliitoa na kichwa. Komanda mupya, mwanamuke, alianza kutafuta pahali pa kunikalisha, nikakataa na mukono. Tulizunguka nyuma, depo iko wazi, kuna mapikipiki, na kuna kuku. Tulirudi mbele. Félicité alikuwa anaongea na Komanda, mimi nikasimama peke yangu kwa mulango wa kasho. Giza mule ndani. Nilisimama. Sijui kama nimewahi kusimama pahali pamoja hivyo na kinywa imefungwa.

Baadaye mutu akauliza kutoka ndani: "Ni nani iko pale?"

Nikasema jina yangu, pole pole, bila kuongeza kitu.

Akasema: "Papa, sisikii. Sogea."

Nikasogea.

Rashidi